Fleti ya orofa saba, ngazi moja, geti na kufuli: moto ukishika usiku tunatokea wapi?

#1 FlooYaSita

Wasee salamu. Naandika nikiwa bado sijatulia kwa hivyo mnisamehe ikiwa ndefu.

Naishi Pipeline hapa Nairobi, nyumba ya orofa saba, mimi niko ya sita, bedsita. Jumatano usiku kama saa saba hivi jirani wa floo ya pili alilala ameacha ekstensheni moja imebeba simu, redio na kajiko ka stima, ikashika godoro. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, vijana wa hapo chini waliuzima na ndoo za maji na blanketi kabla haujatoka kwa mlango. Shida ilikuwa moshi. Ulipanda na ngazi moja kwa moja, mimi nilifungua mlango nikakuta giza nene, taa ya korido iko juu yangu na siioni. Nikarudi ndani nikafunga. Nikakimbilia dirisha, dirisha lina grili. Nimeishika hiyo chuma kama mtu wa rumande nikiangalia watu chini wakipiga kelele NDANI ya geti, kwa sababu keateka hufunga na kufuli saa tano, na hiyo usiku alikuwa amelala kwake mtaa wa pili na ufunguo uko naye mfukoni.

Hakuna aliyekufa. Mtoto mmoja alipelekwa hospitali na moshi, amerudi yuko sawa.

Sasa nauliza. Nani hupitisha nyumba kama hii? Kuna sheria inasema ngazi ziwe mbili ama hakuna? Na mpangaji anaweza kufanya nini kando na kuhama, maana wiki hii nimetembelea nyumba kumi hapa mtaani nikitafuta na zote ni ngazi moja, geti moja.

#2 MamaKevo

Pole sana mwanangu. Hapa Zimmerman ni hivyo hivyo, na sisi ngazi yenyewe ina boda tatu zimelala chini pale, usiku unapita ukijikunja.

#3 KijanaWaMjengo

Pole buda. Jibu la swali lako la kwanza ni hesabu tu. Ploti nyingi huko ni futi 50 kwa 100 na zingine ni ndogo zaidi. Ngazi ya pili inakula bedsita moja kila floo. Floo saba ni bedsita saba. Zidisha na rent unayolipa wewe mwenyewe kwa mwezi, halafu kwa mwaka, halafu kwa miaka ishirini, utaona kwa nini hiyo ngazi haikuchorwa. Mimi nimemwaga zege kwa nyumba za aina hiyo zaidi ya kumi na sijawahi kusikia mwenye ploti akiuliza watu watatoka aje. Anauliza zitatoka rumu ngapi.

#4 MzeeWaPloti

Nimesoma na nimeumia, lakini wacha niongee kwa niaba ya wale mnawaita wadosi, sisi wenye nyumba. Niko na nyumba moja Kayole, orofa tano, niliijenga na pesa ya Sacco na kiinua mgongo. Geti linafungwa kwa sababu WAPANGAJI wanataka lifungwe. Miaka yote hii mtu akija kuangalia nyumba swali la kwanza ni maji, la pili ni usalama. Hakuna hata mmoja ameniuliza ngazi ya pili. Nikiacha geti wazi na mtu aibiwe TV, ni mimi nitalipishwa. Nikiondoa grili nyumba inakaa tupu miezi mitatu. Kwa hivyo tusiseme ni tamaa peke yake.

#5 FundiStima

FlooYaSita pole. Lakini hapo kwa ndoo za maji nimeshtuka. Moto wa stima HAUMWAGIWI maji kabla ya kuzima breka. Maji yanapitisha stima, huyo kijana mwenye ndoo angelala hapo hapo. Zima kwa meta kwanza. Kama huwezi kuifikia, toka, vuta mlango ufunge nyuma yako, upige kelele.

Halafu wote mnaongea ngazi na hakuna anayeuliza moto ulianzia wapi. Ulianzia kwa waya. Nimefanya hii kazi miaka kumi na minne. Soketi inataka waya wa unene wa milimita mraba 2.5, taa 1.5. Nimefungua kuta za nyumba mpya kabisa, rangi bado inanuka, nikakuta 1.5 imezungushwa mpaka soketi zote. Ile shawa ya kuchemsha maji ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23 peke yake, inataka laini yake ya waya mnene na breka yake. Mpangaji anakuja na shawa yake, anaiunga pale kwa waya ya taa. Breka inaruka kila asubuhi. Keateka anachoka kupanda ngazi, anaita mtu anatoa ile breka ndogo anaweka kubwa. Haijawahi kuruka tena, na watu wanashukuru. Lakini ile breka ilikuwa inaruka kwa sababu waya inaumia, sasa hakuna wa kuiokoa, inachemka ndani ya ukuta polepole mpaka siku moja.

Ngazi hata ziwe nne, hiyo waya itashika tu.

#6 Kasarani_Wakili

Kisheria: tatizo ni kwamba tunajenga kwa sheria ya 1968, imeandikwa wakati Nairobi ni ya nyumba za chini na bustani. Hakuna mtu alikuwa anawaza bedsita 90 juu ya ploti moja.

#7 MchoraPlani

@Kasarani_Wakili ndugu yangu hapo nikurekebishe kidogo. Zile amri za ujenzi za 1968 ndizo tulitumia zaidi ya miaka hamsini, hiyo ni kweli. Lakini kuna Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024, ilichapishwa kwa gazeti la serikali na ikaanza kazi tarehe 1 Machi 2025. Inaongea mambo ya njia za kutokea, kuta za kuzuia moto, vifaa vya kuzima, yote. Na kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ambayo hakuna ruhusa ya kujenga bila kibali cha kaunti. Mipango ya mji na zimamoto, zote mbili Katiba ya 2010 imeziweka kwa kaunti. Kwa hivyo karatasi tunazo.

Shida ni mbili kwa maoni yangu na mimi nimechora majengo ya makazi kwa muda. Moja, majengo ambayo tayari yamesimama. Kanuni mpya haiwezi kuingia kwa nyumba ya watu mia mbili ikachimba ngazi. Mbili, kinachopitishwa na kinachojengwa ni vitu tofauti. Plani inapitishwa na orofa nne na pengo la mwanga katikati. Mwenye ploti ananiita mwaka mmoja baadaye, napata orofa ya saba inapigwa plasta na lile pengo limekuwa vyumba. Nilikataa kutia sahihi, akaenda kwa mwingine.

Na kuna kitu kingine watu hawajui. Zile kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 ni za mahali pa KAZI. Duka la hapo chini ya fleti lina mtu wa kulikagua. Chumba cha juu yake ambapo mtoto analala, ukishahamia, hakuna anayekuja kubisha.

#8 DukaLaChini

Nathibitisha. Mimi niko na duka la mpesa na vocha chini ya fleti Roysambu. Kila mwaka nalipia leseni, nanunua ule mtungi mwekundu, anakuja mtu anaangalia sindano ya mtungi iko kwa kijani. Anaondoka. Hajawahi kupanda ngazi hata moja na juu yangu kuna familia sitini.

#9 MzeeWaPloti

MchoraPlani umesema ukweli mchungu. Lakini uliza pia kwa nini watu wanaongeza orofa. Kupata karatasi zote kunachukua muda mrefu na riba inakimbia. Mtu akishafika hapo anajiambia heri niongeze.

#10 KijanaWaMjengo

Mzee kwa hivyo sisi tulio juu ndio tunalipa riba yako na mapafu.

#11 MzeeWaPloti

Kijana heshima kidogo. Yangu ni tano na imepitishwa tano.

#12 KijanaWaMjengo

Samahani mzee, si wewe nilikuwa namaanisha.

#13 Mstaafu_Zima

Habari zenu. Nimefanya kazi ya kuzima moto miaka 26, nimestaafu, niko shambani sasa. Wacha niseme ninachojua kwa mikono yangu.

Watu wengi niliowabeba hawakuwa wameungua. Walikuwa wamelala kama watu wamesinzia. Moshi ndio uliwamaliza. Godoro la sponji likiwaka linatoa hewa mbaya sana, na ile kaboni monoksaidi haina harufu, miguu inakosa nguvu kabla ujue una shida. Ngazi moja iliyo wazi katikati ya jengo inafanya kazi ya bomba la moshi, moto uko chini lakini wanaokufa ni wa juu. FlooYaSita ulifanya vizuri kurudi ndani. Ukikuta moshi kwa ngazi usijaribu kuupita mbio, pumzi tatu nne zinatosha kukuangusha. Funga mlango, lowesha nguo uzibe pale chini, fungua dirisha, toa shuka la rangi nje, piga 999 au 112 na useme jina la jengo na FLOO. Watu hupiga wakalia tu, hatujui tuelekee wapi.

Sasa kuhusu kuchelewa kwetu, kwa sababu najua mtatutukana. Lori la kawaida hubeba kama lita elfu kumi. Ukifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, dakika kumi maji yameisha. Baada ya hapo tunahitaji bomba la zimamoto la barabarani, na ukilitafuta unapata juu yake kuna kibanda cha viazi, ama liko na ni kavu kwa sababu hata nyinyi hamjapata maji wiki nzima. Stesheni kubwa tumezoea ni Tom Mboya katikati ya mji na ile ya Industrial Area, na zingine chache zimeongezwa. Toka hapo mpaka ndani kabisa ya Tassia saa kumi na mbili jioni, hesabu mwenyewe. Ukifika mtaani magari yamepakiwa pande zote, waya za stima zimening'inia chini, ngazi yetu ya gari haiwezi kuinuka. Nimewahi kuona jengo linawaka mita 200 mbele yangu na lori halipiti, tukashuka tukavuta mipira kwa mabega.

Kwa hivyo mimi nikiulizwa shida ni nini, nasema ni barabara na maji. Hata jengo liwe zuri aje, bila hizo mbili mnajizimia wenyewe.

#14 MamaKevo

Mzee Mungu akubariki kwa kazi uliyofanya. Hiyo ya shuka la rangi naenda kuwafundisha watoto leo.

#15 Njoroge_wa_Seattle

Niko Seattle mwaka wa tisa, nawasoma kila siku. Niwaambie kitu kitawashangaza. Hapa jengo la ngazi MOJA linaruhusiwa mpaka orofa sita. Miji mingi ya Marekani huishia orofa tatu, ukipita hapo lazima ngazi mbili. Na kuna wasanifu wanapigania ngazi moja iruhusiwe mahali pengi zaidi, wanasema nyumba zitakuwa bei ya chini, zitatoshea kwa ploti ndogo na zitapata madirisha pande mbili. Watu wa zimamoto wengi wanapinga. Ni mjadala mkubwa huku.

#16 MzeeWaPloti

Mnaona sasa. Ngazi moja si dhambi.

#17 Njoroge_wa_Seattle

Mzee subiri nimalize. Kuna masharti. Nyumba zisizidi NNE kwa kila floo. Sprinkla za kunyunyiza maji moto ukishika, ndani ya kila nyumba. Ngazi yenyewe imekingwa moshi usiingie. Kutoka mlango wako mpaka ngazi ni mwendo mfupi. Yako floo moja ina nyumba ngapi?

#18 MzeeWaPloti

Kumi na mbili.

#19 DadaWaUmoja

😂😂 mzee ameingia kwa net mwenyewe

#20 Otis_Langata

Lakini hapo Njoroge amegusa kitu. Sisi tunapigana na "moja au mbili" kumbe swali ni watu wangapi wanategemea hiyo moja. Nyumba kumi na mbili kama za mzee mara floo saba kama za FlooYaSita ni 84, kila moja watu watatu, hao ni watu 250 kwa ngazi ambayo mimi na wewe tukikutana mmoja anageuka ubavu.

Uingereza walikuwa na jengo la Grenfell, London, 2017. Orofa 24, ngazi moja. Walikufa watu 80.

#21 Kasarani_Wakili

72. Siku za kwanza polisi walikadiria karibu 80 lakini hesabu ya mwisho ni 72. Ilikuwa tarehe 14 Juni. Na moto ulianzia kwa friji ya floo ya nne, ukaruka nje ukapanda na yale mabamba ya nje yaliyokuwa na plastiki ndani. Baada ya hapo wameamua majengo mapya ya makazi ya mita 18 kwenda juu lazima ngazi mbili, kuanzia Septemba 2026. Mita 18 ni kama orofa sita hivi, yaani hiyo ya FlooYaSita ingeguswa.

#22 Otis_Langata

Asante kwa marekebisho. Lakini sasa @Mstaafu_Zima nikuulize na si kwa ubaya. Grenfell watu waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao wangojee. Wengi waliobaki ndio walikufa. Wewe pia unatuambia turudi ndani tufunge mlango.

#23 Mstaafu_Zima

Swali zuri na sitalikwepa. Kubaki ndani kunafanya kazi ikiwa jengo linaweza kuushikilia moto mahali ulipoanzia. Pale nje palikuwa pamevikwa kitu kinachowaka, kwa hivyo ahadi ya jengo ilivunjika. Zetu nyingi ni mawe na zege, haziwaki kwa nje, hiyo inasaidia. Lakini ndani mmegawanya na plaiwudi, milango ya vyumba ni mepesi na inaacha nafasi chini. Kwa hivyo sheria yangu ni hii: ngazi ikiwa safi, toka MARA MOJA, usingoje viatu. Ngazi ikiwa na moshi, rudi. Mlango wako ukianza kuwa moto kwa mkono, hapo hakuna kitabu, hapo unatafuta njia yoyote. Ni ngumu, na nimeona ikienda pande zote mbili.

#24 BibiYaBuru

Sisi wa zamani tulilelewa nyumba za chini, Jericho, Makongeni, mlango unafungua unaona jirani na uwanja. Moto ukitokea mtaa mzima uko hapo na karai. Hizi ghorofa zimetupandisha juu lakini hazikutupatia njia ya kushuka.

#25 MrefuWaTassia

Na mnasahau gesi. Kila bedsita ina meko. Gesi ikivuja inapanda juu, kwa hivyo sisi wa floo za juu ndio tuko hatarini zaidi.

#26 MuuzaGesi_Fedha

Hapana mrefu wangu, hapo sivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango, inateremka ngazi na kujikusanya pale chini kabisa, pale pale mahali watu wamepaki boda na keateka anavuta sigara. Ndio maana ukinusa gesi hufungui dirisha la juu peke yake, unafungua mlango na kuipepea itoke kwa chini, na hugusi swichi. Ile harufu pia imewekwa makusudi, gesi yenyewe hainuki.

Nauza hii kitu kila siku na naomba watu wafanye kitu kimoja: pakaa povu la sabuni kwa mpira na rigyuleta kila ukibadilisha mtungi. Ukiona mapovu yanafura, rudisha. Na mpira uliokauka na kupasuka usiufunge na selotepu, tafadhali, nimeona.

#27 FundiStima

Embakasi Februari 2024 ni gesi hiyo hiyo. Lile lori lililipuka usiku kule Mradi, zaidi ya watu 200 waliumia. EPRA, wale wa serikali wanaosimamia gesi na stima, walisema wenyewe kwamba maombi ya kuweka kituo hapo walikuwa wameyakataa, sababu moja ni watu walikuwa wamejaa karibu. Na bado kazi ilikuwa inaendelea.

#28 MchoraPlani

Hiyo ndiyo inaniuma kila mara. Hata Huruma, lile jengo lililoanguka na mvua tarehe 29 Aprili 2016, lilikuwa tayari limeorodheshwa libomolewe. Watu 52 hivi walikufa. Karatasi ilikuwa imesema. Haikukosekana sheria pale, alikosekana mtu wa kwenda kuwatoa watu na kuwapa mahali pengine pa kulala hiyo usiku.

#29 DadaWaUmoja

Hapo ndio swali. Wawatoe wapeleke wapi? Ukifunga nyumba zote za ngazi moja Pipeline kesho, hao watu wote wanarudi kwa mabati Mukuru, na huko pia moto hauishi. Mimi sitaki kusikia "zifungwe". Nilitoka huko.

Na kuhusu grili, wale mnasema zitolewe mnisikilize. Mwaka 2019 nilikuwa floo ya kwanza, dirisha halikuwa na chuma, mwizi aliingia mtoto wangu akiwa amelala kitandani karibu na hilo dirisha. Alichukua simu na laptopu akaondoka, mtoto hakuamka. Mpaka leo nikikumbuka mkono wa huyo mtu ulipita juu ya mtoto wangu naishiwa nguvu. Grili sitatoa. Moto sijauona kwa macho, mwizi nimemwona.

#30 MamaKevo

Pole dada. Nakuelewa kabisa.

#31 Mwelda_Kariobangi

Si lazima utoe. Mimi natengeneza grili za bawaba. Kipande cha katikati kinafunguka kama mlango mdogo, kufuli iko upande wa ndani, ufunguo unaning'inia kwa msumari ambao mkono wa mtu wa nje haufiki lakini mtoto wa miaka kumi anafika. Kazi ya nusu siku. Nimetengeneza nyingi kwa watu binafsi, lakini landilodi hata mmoja hajaniitia jengo zima. Muhimu ufunguo ukae HAPO. Usiutie kwa droo.

#32 MrefuWaTassia

Sawa lakini floo ya sita nikifungua hako kamlango naruka wapi?

#33 Mwelda_Kariobangi

Huruki. Unapata hewa, unaonekana, na zimamoto akifika anakutoa bila kukata chuma. Kwa floo ya kwanza na ya pili ndio unashuka.

#34 Otis_Langata

Kwa wa juu kuna kitu sijaona mkitaja. Pipeline majengo yamebanana mpaka unaweza kusalimia jirani kwa mkono. Kwa nini mlango wa juu kabisa, kule kwa tenki na kamba za nguo, usiwe wazi, halafu ukuta uwe na mahali pa kuvukia jengo la pili? Hiyo ni ngazi ya pili bila kupoteza bedsita.

#35 MzeeWaPloti

Wazo lako si baya. Juu hufungwa kwa sababu ya nguo kuibwa na watoto kucheza karibu na ukingo. Na jirani yangu wa ploti hatuongei tangu 2017 kwa ajili ya mpaka.

#36 Mstaafu_Zima

Linawezekana lakini tahadhari. Moshi pia unaenda juu. Mtu akipanda akakuta mlango umefungwa, amejifungia mahali pabaya kuliko pote. Iwe wazi KILA siku na kila mtu ajue, ama isihesabiwe kabisa.

#37 Kasarani_Wakili

Kwa wale wanasema kufuli ni kitu kidogo. Johannesburg, tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso katikati ya mji, limegawanywa vyumba vidogo vidogo, watu 76 walikufa. Mojawapo ya yaliyosemwa sana baada ya hapo ni geti lililokuwa limefungwa. Watu walifika mpaka chini. Walifika.

#38 FlooYaSita

Nimesoma zote, asanteni, hata mliogombana. Wacha niwape habari.

Jumapili tulifanya kikao hapo chini, tulikuja watu 31. Landilodi hakuja lakini alipiga simu, akasema ngazi ya pili haiwezekani na mimi nikiangalia hilo jengo naona kweli haiwezekani, tumeshikana na jirani pande mbili. Alikubali kitu cha geti. Sasa ufunguo wa pili uko kwa kasanduku kenye kioo karibu na geti kwa ndani, na wa tatu uko na mama wa floo ya kwanza ambaye halali mapema. Wengine bado hawataki, wanasema mwizi atavunja hicho kioo. Keateka amenuna kwa sababu anaona tumemnyang'anya kazi. Boda zimehamishwa nje mchana, usiku zinarudi, wenye boda wanasema nje zitaibwa na sina jibu la kuwapa.

FundiStima nilimwonyesha landilodi ile maneno yako ya breka kubwa. Akauliza ni nani alikuambia kwamba zilibadilishwa. Kwa hivyo zilibadilishwa.

#39 FundiStima

Mwambie aite fundi mwenye leseni ya EPRA apime floo moja tu kwanza. Moja. Akiona ataita ya zote.

#40 KijanaWaMjengo

Na mtungi wa kuzima moto je?

#41 FlooYaSita

Umewekwa mmoja, floo ya tatu, umefungwa na mnyororo ili usiibiwe.

#42 Mstaafu_Zima

Mnyororo utolewe kijana. Mtungi wa poda wa kilo sita unamaliza kwa sekunde kama 15 hadi 20. Hamna muda wa kutafuta ufunguo mwingine. Afadhali uibiwe mnunue tena.

#43 FlooYaSita

Nimesikia mzee, nitamwambia leo. Kitu cha mwisho, jana usiku saa nne tulizima taa za ngazi tukajaribu kushuka kutoka floo ya saba mpaka nje ya geti, na kufungua kufuli, tukiwa na simu ya kupima saa. Tulichukua dakika tatu na sekunde arobaini. Karibu dakika nzima iliisha pale kwa boda.

#44 Otis_Langata

Safi sana. Mlikuwa wangapi?

#45 FlooYaSita

Tisa.